Kitabu kikishaingia kwenye simu ni cha nani? Maswali ya wasomaji

Toleo lililopita tuligusia waandishi wanaouza hadithi kwa simu, basi tangu hapo meseji hazijakoma, na nyingi zimetoka Tanga. Nimechukua chache ambazo naona zinagusa watu wengi. Majina sikuweka, wengi wenu mmeomba hivyo, na kuna majibu nimeyarefusha kwa makusudi kwa sababu jambo lenyewe ni la riziki ya mtu, huwezi kulijibu kwa mistari miwili.

"Kaniambia hadithi ikishakuwa mtandaoni ni ya wote"

*Dada mhariri shikamoo. Naandika hadithi za mapenzi na maisha, niko Makorora hapa Tanga. Nauza kwa WhatsApp, sehemu kumi za mwanzo natoa bure, anayetaka mpaka mwisho ananitumia elfu tatu namuunga kwenye grupu la waliolipia. Sasa kuna mtu alilipa akaingia, akakusanya vipande vyote akavifanya PDF, jina langu katoa kaweka jina la chaneli yake ya Telegram. Imezunguka mpaka mama mdogo wangu wa Muheza katumiwa, ananipigia eti hii hadithi umeisoma, nzuri kweli. Nikamfuata huyo mtu inboksi, kanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba hadithi ukishairusha mtandaoni ni ya wote na tena hujaisajili popote. Ni kweli? Na nifanyeje? Mwandishi, Makorora.*

Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na hakuna hata kipande kimoja cha hayo maneno yake ambacho ni kweli. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inakulinda tangu pale ulipoiandika hadithi, iwe kwenye daftari, kwenye kompyuta au kwenye kisimu chako cha tachi kilichopasuka kioo. Habari ya usajili ni hivi: Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, tangu 1994, mkataba wenyewe ni wa 1886, na moja ya nguzo zake ni kwamba haki ya mwandishi haisubiri muhuri wa ofisi yoyote. Ukienda COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania bara, ukasajili unafanya vizuri sana, maana unapata ushahidi wa maandishi wa kukusaidia mkifika mbele ya sheria, lakini haki ilikuwepo hata kabla hujapanda bodaboda kwenda kuisajili. Yeye alilipa elfu tatu asome, hakulipa elfu tatu azalishe kopi. Na kufuta jina lako ni kosa lingine peke yake, kwa sababu kutajwa kuwa wewe ndo mwandishi ni haki yako hata kama ungeamua kuigawa bure.

PDF uliyonitumia nimeifungua na nimeisoma kwa makini. Mwizi wako alikuwa na haraka. Ukurasa wa tano bado una saa za meseji katikati ya maneno, na ule wa thelathini na mbili, pale msichana anataka kumwambia mamake ukweli, kuna sentensi inasema "jamani bando limekata wapenzi wangu tuendelee kesho saa mbili". Ile ni sauti yako mdogo wangu, ulikuwa unaongea na wasomaji wako, na yeye kakopi na hiyo! Itunze hiyo PDF kama ilivyo, usiifute, halafu tunza na grupu lenyewe na tarehe zake, piga skrinshoti, zitume kwenye imeili yako mwenyewe ili simu ikipotea zisipotee nazo.

Kisha mripoti. Telegram wanapokea malalamiko ya hakimiliki kwa chaneli za wazi. Facebook na YouTube wana fomu zao, hulipi kitu na huhitaji wakili, unaeleza kazi ni ipi, ni yako, na linki ya kopi ya wizi ni ipi. Hizi fomu zimetokana na sheria ya Marekani ya 1998, inayoikinga kampuni isishtakiwe kwa vitu wanavyopandisha watu, kwa sharti kwamba ikiambiwa kuna kazi ya wizi iiondoe upesi. Ndo maana wanajibu, wasipojibu ile kinga wanaiweka rehani.

Sasa nikwambie na upande usiopendeza. PDF iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu hairudi. WhatsApp tangu 2016 meseji zake zimefungwa kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haioni kilichomo ndani, kwa iyo hakuna mtu wa kumwambia aifute kwa mama mdogo wako na kwa jirani yake. Hapo sheria inaishia mlangoni. Kinachobaki ni wewe kuwa na kopi nzuri kuliko ya mwizi: tengeneza PDF yako safi, jina lako na namba ya malipo viwe juu ya kila ukurasa, na kila unayemuuzia andika namba yake ya simu chini ya kopi yake, utaona mkono unakuwa mzito kuforwadi kitu chenye namba yako. Na ukurasa wa mwisho andika kistaarabu kwamba kama hadithi imekufikia bila kulipia, mwandishi yupo na namba yake ni hii. Nimewaona waandishi wanaopata pesa kwa ukurasa huo mmoja, kwa sababu wasomaji wengi hawana nia ya kuiba, wametumiwa tu na hawajui pa kulipa.

"Nikikataa kutoa kopi wanaenda duka la jirani"

*Mambo dada. Nina stesheneri ndogo Ngamiani. Wanafunzi wa chuo na wa sekondari wananiletea kitabu nitoe kopi kizima, siku hizi hata hawaleti kitabu, wanaleta flashi au wananirushia PDF kwa WhatsApp nichape. Nikisema hii ni kosa wananiangalia kama mtu wa ajabu wanavuka barabara kwa mwenzangu. Mimi nina kosa gani wakati PDF sikutengeneza mimi? Kijana wa stesheneri.*

Poa mdogo wangu. Kosa lipo, kuchapa kitabu kizima cha mtu na kupokea pesa ni kuzalisha kopi kwa biashara, haijalishi faili katengeneza nani. Mwanafunzi anayekuja na kurasa chache za kujisomea ni habari nyingine, sheria inayo nafasi kwa matumizi binafsi na kwa kufundishia, lakini nafasi hiyo haibebi kitabu kizima kwa kila mtu wa darasa.

Ila swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Zamani kilichomlinda mwandishi kwa kiasi kikubwa haikuwa sheria, ilikuwa gharama. Tuchukue kitabu cha kurasa 200. Kopi ukitoza shilingi 100 kwa ukurasa ni 20,000, na mara nyingi kitabu halisi dukani ni rahisi kuliko hapo, kwa iyo mtu mwenye akili timamu ananunua kitabu. Alafu kuchapa kitabu chenyewe kulihitaji mtambo na mtaji. Hapo Tanga shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa inatoa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa miaka ya 1900, na iliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtambo, mafundi wake, herufi za risasi zinapangwa moja moja. Mwenye mtambo alikuwa anajulikana mji mzima. Leo mtambo ni hiyo printa yako na simu ya kila mwanafunzi, na kurusha faili mara ya elfu moja kunagharimu sawa na mara ya kwanza, yaani karibu na sifuri. Sheria nyingi za hakimiliki ziliandikwa zikimtazama mwenye mtambo. Hazikumtarajia mtoto wa kidato cha tatu mwenye bando la usiku.

Ushauri wangu usiwe wa kukataa tu, maana kukataa peke yake kunakupa njaa. Wewe uko karibu na msomaji kuliko mchapishaji yeyote wa Dar. Waandikie wachapishaji wa vile vitabu vinavyoulizwa sana, waambie una printa, una wateja, unaomba ruhusa ya maandishi ya kuchapa kwa oda, kila kopi uwalipe kiasi fulani mtakachokubaliana. Kwa nchi za wenzetu kuchapa kopi moja moja kwa oda ni biashara ya kawaida kabisa miaka mingi sasa. Wengine hawatakujibu, najua. Lakini atakayejibu mmoja amekutoa kwenye kujificha, na wanafunzi wako watapata kitabu ambacho Tanga hakifiki kabisa au kinafika muhula umeshaisha. Kwa maoni yangu nusu ya huu wizi unatokana na vitabu kutofika. Mwanafunzi kazunguka maduka yote kakosa, PDF iko pale, unategemea afanye nini?

"Mkataba wa miaka ya tisini, kitabu kinauzwa kwenye app"

*Mwanangu mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chumbageni. Mwaka 1994 nilitoa kitabu cha hadithi za watoto kwa mchapishaji mmoja. Tulisaini mkataba kurasa mbili, nimempa haki ya "kuchapa na kuuza kitabu", mrabaha asilimia 10. Kikauzwa, kikaisha, hawakuchapa tena, nikasahau. Juzi mjukuu wangu kaniletea simu, babu kitabu chako hiki hapa, kinauzwa kwenye app. Nikapiga simu, nikaambiwa haki zote ni za kampuni, tena kwamba kitabu hakijawahi kuisha sokoni kwa iyo mkataba bado uko hai. Sijapata hata senti. Naomba unieleweshe. Mwalimu mstaafu.*

Shikamoo mwalimu. Barua yako imenikaa moyoni, na naomba univumilie kwa urefu wa jibu, kwa sababu naamini kuna walimu wengi wenye makaratasi kama hayo kwenye masanduku yao.

Kwanza hilo neno "haki zote". Haki zote ziko wapi kwenye mkataba wako? Umeandika mwenyewe kwamba uliwapa kuchapa na kuuza kitabu. Mwaka 2001 New York kulikuwa na kesi inayofanana sana na yako. Kampuni kubwa ya Random House iliishtaki kampuni changa iitwayo RosettaBooks, ambayo ilikuwa imekubaliana moja kwa moja na waandishi, akiwemo Kurt Vonnegut na William Styron, kuuza vitabu vyao kwa njia ya kompyuta. Random House wakasema hawa waandishi walishatupa sisi haki ya kuchapa na kuuza kazi zao kwa umbo la kitabu. Jaji akakataa kuizuia RosettaBooks, akasema kwa mikataba ile maneno "kwa umbo la kitabu" hayaonyeshi kwamba mwandishi aliuza na toleo la kompyuta, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Ile ni mahakama ya Marekani, haimfungi hakimu wa Tanga, nakubali. Lakini hoja yake mtu yeyote anaielewa: ulichokitoa ni kile kilichoandikwa, na ambacho hakikuandikwa kimebaki kwako. Na sheria yetu nayo inataka kumhamishia mtu haki kuwe kwa maandishi, kwa iyo kazi ya kuonyesha karatasi ni yao, si yako.

Pili, hilo la kusema kitabu hakijaisha sokoni. Hapa ndipo mambo ya kidijitali yamewaumiza waandishi wa zamani kimyakimya. Mikataba mingi ya vitabu ina kipengele kwamba toleo likiisha na mchapishaji asichape tena kwa muda fulani, haki zinarudi kwa mwandishi. Kwenye karatasi hiyo ilikuwa rahisi, kopi zimekwisha ghalani, basi zimekwisha. Sasa faili likikaa kwenye app haliishi hata siku moja, linaweza kuuza kopi mbili kwa mwaka na mchapishaji akasema kitabu kiko sokoni. Angalia hizo kurasa zako mbili kama kipengele hicho kipo na kimeandikwaje. Kama kitabu kilikaa miaka bila kuchapwa kabla hiyo app haijakuwepo, inawezekana kabisa haki zilisharudi kwako kabla hata hawajatengeneza hilo faili.

Tatu ni hela. Asilimia 10 ya kitabu cha karatasi ilikuwa na sababu zake, mchapishaji alibeba karatasi, wino, ghala, usafiri, na hasara ya kopi zinazobaki. Faili halina ghala. Wachapishaji wakubwa wa Marekani wamezoea kutoa asilimia 25 ya pesa wanayopokea wao kwa vitabu vya kidijitali, na waandishi kule bado wanalalamika kwamba ni ndogo. Mtu anayejichapishia mwenyewe kwenye duka la mtandaoni la Amazon anapata asilimia 70 ya bei kama kitabu kinauzwa kati ya dola 2.99 na 9.99 kwa nchi walizozitaja wao, na 35 kwa kwingine. Siyasemi haya ukimbilie huko mwalimu, nayasema ili wakikuletea asilimia 10 kwenye faili ujue kwamba hiyo ni hesabu ya karatasi.

Cha kufanya, waandikie barua, usipige simu tena, simu haina ushahidi. Omba vitu viwili tu: nakala ya andiko lolote linalowapa haki ya toleo la kidijitali, na hesabu ya mauzo yote tangu kitabu kilipowekwa kwenye app. Wape siku za kujibu. Wakikaa kimya au wakikujibu hovyo, peleka mkataba na hiyo barua COSOTA, kusikiliza migogoro ya namna hii ni sehemu ya kazi yao. Na nakuomba sana mwalimu wangu, wakija na karatasi mpya yenye maneno "kwa njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa, duniani kote, milele", pamoja na bahasha ya kukupoza, usiisaini hapohapo hata kama bahasha ni nene. Hayo maneno ndo wanayoyakosa kwenye mkataba wa 1994, na ndo maana watayataka.

Vijana mnaosaini mikataba sasa hivi na nyie msome hapo juu mara mbili. Kitabu cha karatasi andika peke yake, faili peke yake, kitabu cha kusikiliza peke yake, tafsiri peke yake, filamu peke yake. Na muda uwe na mwisho. Mchapishaji mzuri hatakasirika, atajadiliana na wewe.

"Vitabu nilivyonunua vimepotea na simu"

*Dada nilinunua vitabu kwenye app, simu ikaibiwa pale stendi ya Kange, nimenunua nyingine nafungua app, hamna kitu. Kwani si vyangu? Msomaji, Mikanjuni.*

Pole sana. Kwanza jaribu kuingia kwa namba au imeili ileile ya zamani, mara nyingi vimefungwa kwenye akaunti na si kwenye simu. Kama ulijisajili kwa laini iliyopotea, irudishe laini kwanza.

Kama ni vyako? Kwa masharti ya app nyingi, hapana. Umenunua ruhusa ya kusoma. Kitabu cha karatasi ukinunua unaweza kukiazima, kukiuza, kumwachia mwanao, na mwandishi hana neno. Faili halina hayo. Mwaka 2009 Amazon waligundua kwamba mtu aliyewauzia matoleo fulani ya vitabu viwili vya George Orwell hakuwa na haki navyo, wakavifuta kwenye Kindle, vile vifaa vyao vya kusomea, za wateja waliokwisha kuvilipia, watu wameamka havipo, pesa wamerudishiwa. Waliomba radhi baadaye, lakini kila mtu aliona kwamba mkono wa muuzaji unafika mpaka kwenye rafu ya nyumbani kwako. Na mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliziambia maktaba za Marekani kwamba kitabu cha kidijitali kikiazimwa mara 26 muda wake umekwisha, maktaba inunue tena. Fikiria maktaba yetu ya mkoa hapo Tanga ingelazimika kununua upya kila kitabu baada ya wasomaji 26!

Mimi naona hili ndo eneo ambalo wasomaji tunapaswa kudai haki zetu kwa sauti, tusiwaachie waandishi peke yao kulia. Ukiweza nunua kwa mwandishi mwenyewe anayekupa faili mkononi, liweke sehemu mbili.

"Mashairi ya Shaaban Robert YouTube"

*Habari, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nataka kusoma kwa sauti mashairi ya Shaaban Robert niyaweke YouTube wanafunzi wasikilize. Nitafungiwa? Mwalimu, Pongwe.*

Nzuri mwalimu, na kwa mwalimu wa Tanga kumsoma mwana wa Tanga nakupongeza kabla sijajibu. Kwa sheria ya Tanzania bara kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Ukijumlisha inakuja 2012, kwa iyo kwa hesabu ya kwetu yale aliyoyaandika na kuyachapisha akiwa hai yamekwisha kuwa mali ya umma. Soma, rekodi, weka.

Lakini kuwa makini na vitu vinavyoambatana na maneno yake. Kitabu ulichoshika kinaweza kuwa na utangulizi wa profesa, maelezo ya chini ya ukurasa, michoro na jalada jipya, hivyo vina wenyewe na muda wao haujaisha. Kazi zilizotolewa baada ya yeye kufariki ziulizie kwanza COSOTA kabla hujazigusa. Nchi nyingi za Ulaya zinahesabu miaka 70 badala ya 50, na YouTube inaonekana kote. Jina lake litaje kila video, hilo halina mjadala. Ukiweka muziki nyuma usichukue wimbo wa mtu, YouTube tangu 2007 wana mashine inayotambua sauti yenyewe, na makosa matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli nzima. Mashine ikikudai kimakosa unayo haki ya kupinga, usifute video kwa woga.

Na usomaji wako, sauti yako, hiyo ni kazi mpya na ni yako. Mtu akiichukua akaipandisha kwake una haki ya kumwambia aishushe.

"Baba alipiga udi"

*Marehemu baba yangu alikuwa mpiga udi kwenye kikundi cha taarabu cha hapa Tanga enzi za Black Star na Lucky Star. Nyimbo zao naziona mtandaoni zina watazamaji wengi na matangazo juu. Sisi watoto tuna chochote?*

Inategemea baba alifanya nini kwenye wimbo, na hapa familia nyingi zinachanganya. Aliyetunga maneno na muziki ana hakimiliki, na hiyo warithi wanaishika miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyepiga ala au kuimba ana hakishiriki, ambayo ni haki nyingine inayohesabiwa kivyake, na aliyerekodi naye ana yake kwenye ule mkanda. Kwa iyo wimbo mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu na kila mmoja na saa yake. Tafuteni wazee wa kikundi waliobaki, kaeni nao, andikeni nani alitunga nini, wasaini, maana kumbukumbu hiyo haipo kwenye karatasi yoyote na kila mwaka inapungua. Ikionekana baba alikuwa na tungo zake, nendeni COSOTA mkiwa na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, msiende mikono mitupu. Kama familia ina ndugu wa Unguja, huko kuna sheria yao ya 2003 na ofisi yao COSOZA.

"Kaka yangu haoni"

*Kaka yangu alipoteza macho akiwa kidato cha nne. Simu yake inamsomea PDF kwa sauti. Vitabu vyake nilivipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikavigeuza maandishi simu isome. Baada ya kusoma mambo ya hakimiliki nimeingiwa na hofu, nimevunja sheria? Dada mtu, Mabawa.*

Ondoa hofu mdogo wangu. Kuna mkataba wa kimataifa uliofikiwa Marrakesh, Moroko, mwaka 2013, na Tanzania tumeshajiunga, unaotaka nchi ziruhusu vitabu kugeuzwa viweze kusomwa na wasioona na wenye shida ya kusoma maandishi ya kawaida bila kusubiri ruhusa ya mwenye haki. Ulichokifanya kwa kaka yako ndicho hicho mkataba ulichokusudia. Usiyauze hayo mafaili na usiyatupie kwenye magrupu, yabaki kwake na kwa wenzake wenye hali kama yake. Kama shuleni kwake kuna wanafunzi wengine wasioona ongea na mwalimu wao, hizo kurasa ulizokwisha kuzipiga picha usiku kucha mtu mwingine asizirudie. Na waandikie wachapishaji wa vitabu vyake vya kidato cha tano uwaombe faili la maandishi moja kwa moja, wanalo kwenye kompyuta zao tayari.